Somo Letu: Kisanduku cha Umeme Nyumbani



Msimu wa karafuu ukimalizika na pesa zikaingia mkononi, nyumba zetu nyingi huongezewa kitu: friza, pampu ya maji, au birika la umeme. Ni jambo jema, wala hatumlaumu mtu. Lakini aghlabu kinachosahauliwa ni kile kisanduku kilichopo ukutani karibu na mita, nacho ndicho mlinzi wa vyote hivyo. Katika somo hili twataka kueleza kwa nini kisanduku cha zamani kibadilishwe, na kazi hiyo ifanywe vipi.

Baada ya mchumo mmoja tulimtembelea mwanachama mwenzetu, tukaona ubao umelazwa chini mbele ya friza. Tulipouliza tukaambiwa, "Friza hii inapiga shoti. Ukiishika na huku miguu mitupu iko sakafuni, itakurusha. Basi tumeweka ubao, watoto wasimame juu yake." Nyumba nzima ilikwisha kuzoea.

Fundi alipoitwa alikuta mambo matatu. Mpira wa waya mmoja ndani ya friza umechubuka, na waya wenyewe umegusa bati. Waya wa ardhi ulikatwa siku sakafu ilipotiwa saruji upya. Na katika kisanduku, fyuzi iliyoungua ilikuwa imefungwa kwa uzi mnene wa waya wa kawaida. Alhamdulillahi, hakuna aliyedhurika. Lakini baina ya watoto wale na mauti palikuwa na ubao tu.

Fyuzi yalinda nini?

Wengi wetu twadhani fyuzi humlinda mtu. Sivyo. Fyuzi huulinda waya usipate moto ukaunguza nyumba. Tufanye hesabu pamoja.

Umeme wa nyumbani una nguvu ya volti 230. Mwili wa mtu aliyelowa maji, amesimama sakafuni bila viatu, waweza kuuzuia umeme kwa kiasi cha ohm 1000 hivi. Gawa 230 kwa 1000, utapata ampea 0.23. Kiasi hicho chatosha kuusimamisha moyo. Lakini fyuzi ndogo ya kisanduku ni ya ampea 5, na uzi wake hauyayuki mpaka upitiwe na takriban mara mbili ya hizo. Mtu atakufa, na fyuzi haina khabari.

Kwa sababu hiyo visanduku vya sasa hutiwa swichi ya kuvuja. Swichi hii hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Vikitofautiana, maana yake ni kuwa umeme unavuja mahali, pengine katika mwili wa mtu. Swichi inayofaa nyumbani ni ya ampea 0.03. Kwa uvujaji wa ampea 0.23 tulioutaja, hukata katika muda usiozidi 0.04 ya sekunde. Lakini tusijidanganye: mtu akishika waya wa moto na waya wa kurudi kwa pamoja, umeme haukuvuja, na swichi haitakata.

Na waya wa ardhi je?

Waya wa ardhi ni lazima, lakini peke yake hautoshi. Chukua nondo ya ardhi ambayo kipimo chake ni ohm 20. Gawa 230 kwa 20, utapata ampea 11.5. Fyuzi ya ampea 15 haitakatika hata siku moja, na bati la friza litabaki na umeme. Nondo iliyopigwa katika mawe, au udongo uliokauka wakati wa kaskazi, kipimo chake huwa kibaya zaidi. Waya wa ardhi na swichi ya kuvuja hufanya kazi pamoja, kama jembe na mpini.

Kwa nini sasa?

Kisiwani Pemba, kabla ya kuletwa umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, tulitegemea majenereta ya dizeli. Nyumba nyingi za zamani zilitiwa waya kwa ajili ya taa na redio. Leo waya ule ule wabebeshwa mizigo mipya. Birika la wati 2000 lahitaji ampea 8.7, na pasi ya wati 1000 ampea 4.3. Viwili hivi vikiwashwa katika plagi za njia moja, tayari ni ampea 13.

Namna ya kubadilisha

Kwanza, waya zipimwe kabla ya kununua kisanduku. Kisanduku kipya juu ya waya zilizooza ni bati jipya juu ya boriti mbovu.

Pili, ipigwe nondo ya ardhi isiyopungua mita 1.2, mahali penye unyevu, na fundi aipime kwa chombo, si kwa kukisia.

Tatu, shirika la umeme liombwe kukata umeme. Waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye mita si wetu, na ukiwa haukukatwa una umeme hata ukizima swichi kubwa ya nyumbani. Kazi hii si ya kijana anayejaribu. Ni ya fundi mwenye leseni.

Nne, kila njia ipewe sakiti breka yake kwa unene wa waya wake. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 upewe ampea 6 au 10. Waya wa plagi wa milimita za mraba 2.5 upewe ampea 16 au 20. Breka ikikata mara kwa mara, usitie kubwa zaidi. Punguza mzigo au tafuta kasoro.

Tano, kila breka iandikwe kwa Kiswahili: taa, plagi, pampu. Wala magunia ya karafuu yasiegemezwe kwenye kisanduku, maana siku ya khatari mkono uwahi kufika.

Sita, kabla fundi hajalipwa, umeme ukiwa umewashwa, bonyeza kitufe chenye herufi T. Swichi ya kuvuja ikate papo hapo. Kisha ibonyeze kila baada ya miezi mitatu.

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Kisanduku kipya kikitiwa, huenda swichi ya kuvuja ikakata siku ya kwanza. Wapo watakaosema ni mbovu, iondolewe. Msikubali. Swichi hiyo yakuambia kuwa umeme ulikuwa ukivuja nyumbani mwako zamani, na hukuwa na wa kukuambia.

Mchumaji hapandi mkarafuu kwa kamba asiyoijaribu. Gharama ya kisanduku, aghlabu, haifiki bei ya friza yenyewe. Basi katika pesa za msimu huu tuitenge hiyo kwanza, kisha ndipo tununue vya kuchomeka.

Yule mwenzetu amekwisha kubadilisha. Ubao wake sasa ni kibao cha kukalia barazani.