Ekadashi Inakaribia, Umejipangaje?

Leo naongea na wewe binti uliyehama nyumbani kwa ajili ya kazi au masomo. Kwenu Ekadashi ilikuwa shughuli ya mama. Yeye ndiye aliyeangalia kalenda, akaloweka, akapika, akakwambia ule nini na uache nini. Sasa uko peke yako na jiko lako dogo, na moyo wako bado unataka kufunga. Nakupongeza kwa dhati. Njoo tupange pamoja.

Anza na tarehe. Ekadashi ni siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, mwezi unapokua na unapofifia, kwa hiyo huja mara mbili kwa mwezi. Kwa mwaka ni 24, na mwaka wenye mwezi wa nyongeza ni 26. Ni siku ya Vishnu. Sasa angalia: kalenda nyingi tulizotundika ukutani zimepigiwa hesabu kwa mawio ya jua ya India. Sisi huku Afrika Mashariki tuko nyuma kwa saa mbili na nusu, na mara nyingine tofauti hiyo inatosha kuisogeza siku. Uliza hekalu lililo karibu nawe, usitegemee picha uliyotumiwa na shangazi aliyeko Ahmedabad.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe kula mapema, tena chakula chepesi, kisha piga mswaki vizuri. Marafiki zako waliozoea Ramadhani watakuuliza unafuturu saa ngapi. Waeleze kwamba huu mfungo hauishii magharibi. Unaanza jua linapochomoza na kwenda mpaka asubuhi ya pili. Wapo wanaokaa na maji tu, wapo wanaokula matunda na maziwa, na wapo wanaokula mlo mmoja wa chakula cha mfungo, ambacho Wagujarati tunakiita farali. Zote ni njia halali. Chagua unayoiweza, uishike.

Kinachoachwa na wote ni nafaka na jamii ya kunde. Hapo ondoa wali, chapati, ugali, mkate, mandazi, maharage, dengu, choroko na mbaazi. Nyama, samaki, mayai na pombe havina nafasi kabisa, na nyumba nyingi huacha pia vitunguu maji na vitunguu saumu. Kinachobaki si kidogo: viazi mbatata, viazi vitamu, ndizi, nazi, tende, korosho, maziwa, mtindi. Muhogo upo pia, na sisi tuliozaliwa huku tunaushukuru sana. Karanga zinaliwa katika nyumba nyingi ingawa nazo ni jamii ya kunde. Kama kwenu haziliwi, fuata ya kwenu.

Mlo ninaoupenda kuliko yote siku hii ni kichri ya sabudana, zile punje nyeupe za wanga wa muhogo. Zioshe mpaka maji yatoke maangavu, kisha ziloweke usiku kucha kwa maji yanayozifunika kidogo tu. Asubuhi chukua punje moja uibonyeze kwa vidole viwili. Ikipondeka yote iko tayari. Ukikuta kiini kigumu katikati, nyunyiza maji kidogo usubiri. Pasha samli, tia bizari nyembamba na pilipili mbichi, kisha viazi vilivyochemshwa na kukatwa vipande vidogo. Sabudana uichanganye kwanza na karanga zilizokaangwa na kutwangwa zikabaki chengachenga, pamoja na chumvi ya mawe, ndipo uimimine. Geuza taratibu. Punje zikianza kung'aa, epua, maana zikizidi moto zinashikana bonge. Kamulia ndimu.

Jihadhari na vitu vya dukani. Mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, na hamira ya unga, yaani baking powder, huwa na wanga wa mahindi. Soma pakiti kabla hujafungua.

Na hili nalisema kwa mapenzi: usiigeuze siku ya Mungu kuwa siku ya kukaanga. Sahani ya chipsi, kachori na halua za farali asubuhi, mchana na jioni haivunji sharti la nafaka na kunde, lakini utashinda jikoni na kulala mzito. Chakula kinapunguzwa ili upate nafasi ya kuoga alfajiri, kuwasha taa, kusoma Gita hata kurasa mbili, kuimba bhajan na kuuzuia ulimi usiseme watu. Majani ya tulsi ya kumtolea Bwana yachume siku moja kabla.

Ukiwa hedhini, funga yako inaendelea. Kuhusu kugusa madhabahu, fuata desturi ya nyumba yenu.

Ukiwa mjamzito, unanyonyesha, una kisukari au unameza dawa za kila siku, zungumza na daktari kabla. Wagonjwa, watoto na wazee wamesamehewa tangu zamani. Sabudana na viazi vina wanga mwingi, hupandisha sukari haraka. Na ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuona giza, kula papo hapo. Hakuna dhambi hapo.

Vivyo hivyo, usianze na Nirjala, ile ya Mei au Juni isiyoruhusu hata maji. Masimulizi yanasema shujaa Bhima, aliyeshindwa na njaa kila Ekadashi, alishauriwa na mhenga Vyasa afunge hiyo moja kwa niaba ya zote. Ni ngumu, hasa kwenye joto. Zoea kwanza hizi za kawaida.

Asubuhi ya pili usilale ukapitiliza. Kufungua, yaani parana, kuna muda wake: baada ya jua kuchomoza, na kabla siku ya 12 ya nusu hiyo ya mwezi haijaisha, ambayo mara nyingine huisha mapema. Robo ya kwanza ya siku hiyo nayo huachwa ipite. Muulize mhudumu wa hekalu muda huo siku ileile unapouliza tarehe, uweke kengele kwenye simu. Anza na maji, kisha wali laini na dengu nyepesi. Pilipili na samosa zisubiri mchana.