KASHA LA RISASI LA BUNDUKI NDOGO
Jinsi ya Kulichagua, Kulijaribu na Kulitunza
Mafundisho kwa Wakulima wa Nanyala na Wilaya ya Mbozi



Mahindi ya Nanyala yaanzapo kuwa na maziwa, wanyama waharibifu huijua njia ya shamba kuliko mwenye shamba mwenyewe. Kwa sababu hiyo baadhi yenu mmeomba ruhusa ya serikali na kununua bunduki ndogo ya .22 ijipakiayo yenyewe. Wengi wanaponunua bunduki hiyo hutazama mtutu na kitako, na kasha la risasi, ambalo wengine huliita magazini, hulichukua bila kulitazama. Walakini bunduki ya namna hii ikikwama, mara nyingi kosa si la mtutu, ni la kasha.

Mkulima mmoja niliyemjua alinunua kasha refu la risasi 25 kwa bei rahisi. Siku ya kwanza lilikwama mara nne. Jioni alirudi nyumbani akalitoa kasha, akadhani bunduki imekuwa tupu. Alipoigusa kifyatulio ikalia. Risasi ilipita katika gunia la mahindi ikaingia ukutani, mahali alipokuwa ameketi mtoto wake dakika chache kabla yake. Mtoto alipona. Nimeandika maneno haya ili mwingine asijifunze kwa njia ile.

1. KWANZA SHERIA

Usinunue bunduki wala kasha kabla ya kufika kituo cha polisi. Katika Tanzania silaha zote husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uliza wazi: je, bunduki ijipakiayo yenyewe yaruhusiwa kwangu? Na kasha la risasi nyingi je? Na risasi ngapi nitaruhusiwa kuweka? Usipokee jibu la muuzaji badala ya jibu la polisi.

Tena, kuwa na bunduki si ruhusa ya kuua mnyama. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Wakiharibu shamba, mpelekee habari afisa wanyamapori, umfuate katika maneno yake. Kwa kweleakwelea bunduki haifai kabisa, maana huja kwa maelfu. Toa habari mapema kwa bwana shamba.

Fahamu pia kwamba risasi ya .22 ni ya wanyama wadogo, kama panya buku. Usimpige nayo nguruwe-mwitu wala nyani. Hatakufa upesi, atakwenda na jeraha lake, naye ni hatari kwa mtu atakayekutana naye njiani.

2. TABIA YA RISASI HII

Huwezi kuchagua kasha vema usipoijua risasi yenyewe. Risasi iitwayo .22 Long Rifle ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Risasi za bunduki kubwa zina fataki katikati ya kitako cha ganda. Hii haina. Baruti yake ya kuwashia imewekwa ndani ya ukingo wa ganda, kuzunguka pande zote, na sindano ya bunduki huupiga ukingo huo. Kwa hiyo ganda lake ni jembamba na laini, na ukingo wake umetokeza nje.

Upana wa ukingo ni milimita 7, na upana wa ganda haufiki milimita 6. Ukizipanga risasi nyingi moja juu ya nyingine, upande wa nyuma hupanda juu kuliko upande wa mbele, nazo hupinda kama ndizi. Hii ndiyo sababu kasha refu lililotengenezwa vizuri limepinda. Mtengenezaji hakulipinda kwa urembo.

Ukingo huo ndio unaoleta taabu kubwa. Risasi ya juu husukumwa mbele kuingia chemba. Ikiwa ukingo wake umekaa nyuma ya ukingo wa risasi iliyo chini yake, hunaswa kama ndoana, na bunduki hukwama. Basi unapojaza, angalia kila mara kwamba ukingo wa risasi ya juu uko mbele ya ukingo wa ile ya chini.

Jambo la mwisho, bunduki hii hujipakia kwa nguvu ya ganda linalorudi nyuma na kulisukuma komeo. Nguvu hiyo ni ndogo. Uchafu kidogo, au risasi dhaifu, au kasha linalokwaruza, hutosha kuizuia.

3. AINA ZA MAKASHA

(a) Mrija. Risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine katika mrija ulio chini ya mtutu au ndani ya kitako. Remington Nylon 66, iliyotoka mwaka 1959, ilichukua risasi 14 ndani ya kitako. Mrija haupotei, wala hauna midomo ya kupinda. Ila kuujaza ni kazi ya polepole, na kujua kama umekwisha kabisa ni vigumu.

(b) Kasha la gurudumu. Ndani yake mna gurudumu lenye vijumba, na kila risasi hukaa katika kijumba chake, kwa hiyo kingo haziwezi kunasana. Mfano ujulikanao sana ni wa bunduki ya Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964, ambayo kasha lake huchukua risasi 10 nalo halitokezi nje ya bunduki.

(c) Kasha refu lililopinda. Huchukua risasi 15, 20 au 25. Jema lipo, na baya lipo. Wengi hudanganywa hapa.

(d) Kasha la duara kama ngoma. Huchukua risasi 50 au zaidi. Ni zito, lina vyombo vingi ndani, na kila chombo ni mlango wa vumbi. Mkulima hana kazi nalo.

4. RISASI NGAPI ZINATOSHA?

Hesabu kazi yako kabla ya kuhesabu risasi. Mnyama akisikia mlio wa kwanza hukimbia. Huwezi kupiga mara 25 ukilenga vema kila mara. Anayepiga ovyo anapoteza fedha, na risasi zake zinakwenda kwa jirani, maana risasi hii ndogo yaweza kufika maili 1 na nusu. Tena kasha refu hugusa ardhi ukilala kifudifudi, na hunasa katika mabua ya mahindi.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: nunua makasha mawili ya risasi 10 yaliyo mazuri kabla ya kufikiri kasha moja la 25. Likiharibika moja, jingine lipo. Ikiwa polisi wamekuruhusu kasha refu nawe walitaka, lichague kwa kanuni zifuatazo.

5. MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Kwanza, mtengenezaji. Chukua kasha la kiwanda kile kile kilichotengeneza bunduki. Kasha la kuigiza huenda likaingia, lakini likikaa chini au kando hata kidogo, risasi haitaiona chemba.

Pili, midomo. Midomo ni sehemu ya juu inayoishika risasi na kuielekeza. Ya chuma ni bora kuliko ya plastiki, maana plastiki huliwa pole pole na hupasuka. Itazame mwangani: pande zote mbili ziwe sawa, bila ufa na bila kupinda.

Tatu, kamani. Sukuma kibao cha ndani kwa kijiti mpaka chini, ukiachie. Kipande juu upesi, bila kusita na bila kuinama upande mmoja. Katika kasha refu kamani ina safari ndefu, basi iwe na nguvu kwelikweli.

Nne, kushika. Litie kasha katika bunduki tupu. Lishike kwa mlio mmoja, lisichezecheze, nalo litoke bila kuvutwa kwa nguvu.

Tano, kufunguka. Chagua kasha unaloweza kulifungua na kulisafisha.

6. KULIJARIBU

Usiliamini kasha jipya shambani. Lipeleke mahali palipokubaliwa kwa shabaha, penye kichuguu au ukingo mrefu wa udongo nyuma yake, pasipo njia ya watu wala malisho.

Andika namba juu ya kila kasha kwa rangi: 1, 2, 3. Jaza na kumaliza kila kasha mara tano, ukiandika kila lilipokwama. Likikwama kasha Na. 2 peke yake, kosa ni la kasha hilo. Yakikwama yote, tazama uchafu wa bunduki, kisha jaribu risasi za aina nyingine. Bunduki nyingi za namna hii hupenda risasi za mwendo mkali kuliko zile za mwendo wa polepole.

Kasha la 25 likikwama mwanzoni tu, huenda kamani imebanwa mno; jaribu kutia 23. Likikwama tena, liweke kando. Usipinde midomo yake kwa koleo.

7. BUNDUKI IKIKWAMA

Elekeza mtutu mahali salama, uondoe kidole katika kifyatulio. Ukisikia "ta" bila mlio, ngoja nusu dakika, kwa maana risasi yaweza kuchelewa kuwaka. Kisha fuata utaratibu huu, usiugeuze:

Toa kasha. Vuta komeo nyuma. Tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha gusa kwa kidole.

Ukivuta komeo kabla ya kutoa kasha, komeo likirudi litapakia risasi nyingine. Nawe ukitoa kasha bila kuitazama chemba, umefanya kama yule mkulima niliyemtaja. Kasha likitoka, bunduki haijawa tupu. Wafundishe neno hili na watu wa nyumbani mwako.

8. UTUNZAJI

Wakati wa kiangazi vumbi letu ni jingi, hasa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Risasi za .22 zina nta au mafuta juu yake, na vumbi hushikamana nayo. Usizitie mfukoni pamoja na tumbaku na punje za mahindi. Futa kasha kwa kitambaa kikavu. Usilijaze mafuta, kwani mafuta na vumbi huwa matope. Tone moja lililopakwa na kufutwa latosha kuzuia kutu. Likianguka juu ya jiwe, kagua midomo kabla ya kulitumia tena.

Nyumbani, bunduki ikae tupu mahali palipofungwa kwa ufunguo. Kasha na risasi zikae mahali pengine, nazo chini ya ufunguo. Mtoto asijue ufunguo ulipo.

YA KUKUMBUKA

Heri risasi 10 zinazokwenda kuliko 25 zinazokwama. Midomo iwe sawa, kamani iwe na nguvu, kasha liwe safi na kavu. Lijaribu kabla ya kulitegemea. Toa kasha, kisha tazama chemba, kila siku na kila mara.

Wala usisahau kwamba mlinzi wa kwanza wa shamba ni mkulima mwenyewe. Fyeka kando ya shamba ili wanyama wasipate maficho, panda kwa wakati mmoja na jirani zako, na pangeni zamu za kulinda mchana kutwa. Shamba lililolindwa hivyo halitahitaji risasi nyingi.