SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: SHEREHE ZIPUNGUZAZO KUNI, MKAA NA UMEME

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai kila mwaka ni Siku ya Ushirika Duniani. Tarehe 8 Agosti hufuata Sikukuu ya Wakulima, na wakazi wa Engutoto na kata jirani humiminika katika viwanja vya Themi, Njiro, kutazama maonyesho ya Nane Nane. Kabla ya hapo huwa zimekwisha pita Siku ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, na Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Kwa hiyo chama cha msingi hakikosi siku za kuwakusanya wanachama wake. Kinachokosekana mara nyingi ni kazi ya siku hizo. Mgeni rasmi husoma hotuba juu ya kuhifadhi misitu, na nyuma ya turubai masufuria ya pilau huwa juu ya magogo tangu alfajiri. Wanachama hurudi makwao wameshiba, na kesho yake hupika kama walivyopika jana.

Somo hili lahusu namna ya kuigeuza siku moja ya namna hiyo iwe mwanzo wa kupunguza matumizi ya nishati majumbani na mahali pa kazi.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza kwa redio. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Wana kikundi walisikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua jambo la kutenda kabla ya kukutana tena. Nguvu ya kampeni hizo haikuwa redio peke yake. Ilikuwa katika kule kukutana tena, kwa maana aliyeahidi kuchimba choo alijua ataulizwa na jirani zake. Sherehe ya siku moja isiyo na mkutano wa pili haina budi kusahauliwa.

Wakazi wa miteremko ya Meru wanayo sababu ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Maji ya Mto Themi hushuka kutoka mlimani, hupita mjini Arusha na kuingia Kikuletwa, na Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mitambo ya megawati 8 ilianza kazi miaka ya 1960. Maji hayo huendelea na Mto Pangani hadi mitambo ya Hale na ile ya Pangani yenye megawati 68. Leo nchi inalo pia Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Hata hivyo msitu wa Meru ndio utunzao chemchemi za wakulima wa kahawa na migomba, na kila gunia la mkaa lina miti iliyokatwa mahali fulani. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni miaka kumi tu, na kaya nyingi zitaendelea na mkaa kwa muda.

Chama kina chombo kimoja ambacho mhubiri wa mazingira hana, nacho ni mizani pamoja na imani ya wanachama juu ya mizani. Mkulima aliyezoea kusimama karibu wakati kahawa yake inapopimwa hatakubali maneno matupu juu ya mkaa. Basi apimiwe. (Mizani ya magunia haifai kwa kazi hii; iazimwe ile ya dukani ipimayo robo kilo.) Siku ya sherehe wapishi wawili wapewe maharage kilo moja kila mmoja na mkaa wa uzito uleule. Wa kwanza apike kwa desturi: maharage makavu, sufuria wazi, jiko la bati tupu. Wa pili apike maharage yaliyolowekwa tangu usiku, sufuria yenye kifuniko, jiko lenye kikombe cha udongo ndani. Maharage yakiiva, mkaa uliobaki uzimwe kwa kufunikwa wala si kwa maji, upoe, kisha upimwe mbele ya wote. Tofauti igeuzwe kuwa shilingi kwa bei ya mkaa ya siku ile, na baadaye izidishwe kwa siku za mwezi.

Wakati sufuria zinachemka mwalimu anayo nafasi ya kueleza sababu. Arusha iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,400 hivi, na hapo maji huchemka katika nyuzi 95 hivi za sentigredi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage na makande huchelewa kuiva huku mlimani, na ndiyo maana kuloweka kuna faida kubwa zaidi kwetu kuliko pwani. Tena maji yakisha kuchemka hayazidi kupata moto hata moto ukichochewa mara mbili. Ziada yote hutoka kama mvuke. Aliyeelewa jambo hilo hupunguza kuni mwenyewe bila kuamriwa. Anaweza pia kuchemsha maharage kwa dakika kumi na tano, akayahamishia yakiwa yanatokota katika kikapu kilichosindiliwa pamba au matambara mazito, akafunika na kwenda shambani. Yataendelea kuiva bila moto.

Jiko lenye kikombe cha udongo lilienea nchini Kenya katika miaka ya 1980 kwa sababu mafundi wa kawaida wa bati waliweza kulitengeneza na kuliuza. Kamati imwalike fundi aje na bidhaa zake, wala isinunue majiko ya kugawa bure. Jiko la bure likivunjika kikombe hutupwa.

Kwa upande wa umeme hesabu ni nyepesi. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula yuniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 8 hula yuniti 1.2. Mashine ya kusaga izungukayo bila nafaka bado hula umeme, hivyo chama chenye mashine kitangaze saa za kusaga ili wateja waje pamoja. Pasi ipigwe mara moja kwa juma, si kila asubuhi kwa shati moja.

Mashindano ya kaya juu ya yuniti za LUKU yanahitaji uangalifu. Kaya iandike yuniti ilizonunua mwezi kabla ya sherehe na mwezi baada yake, na ishindane na nafsi yake. Majina yasisomwe hadharani. Kaya iliyokaa gizani siku kumi kwa kukosa fedha haikubana matumizi, imekosa umeme. Kuipa zawadi ni kuidhihaki.

Wafugaji wa ng'ombe wa zizini wanayo njia nyingine. Kituo cha CAMARTEC, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1981 na chenye makao yake hapa Arusha, kimejenga mitambo ya gesi ya samadi tangu miaka ya 1980. Ng'ombe wawili au watatu hutosha, kama maji yapo karibu. Mpangaji wa vyumba viwili Njiro haimfai. Yeye apelekwe kwenye kikapu na kifuniko.

Kikundi kijadili kabla ya sherehe: chakula cha wageni kitapikwa kwa nini? Nani atatunza daftari la vipimo, naye ni mwanachama au karani? Ni juma lipi mpishi wa kwanza na wa pili wataitwa tena, waseme wamepika namna gani tangu siku ile?