Mama, Chemsha Maziwa: Kifua Kikuu Kinachotoka kwa Ng'ombe

Mama, siku ya kupima watoto unasikia muuguzi anauliza: "Mutoto iko na kikohozi? Tangu siku ngapi?" Anauliza hivyo kwa sababu ya kifua kikuu. Leo tunaongeza swali lingine: mtoto anakunywa maziwa gani?

Kifua kikuu kinaletwa na kijidudu kidogo sana, jicho haliwezi kukiona. Watu wengi wanakipata kwa hewa, mgonjwa akikohoa. Lakini kijidudu hicho kina ndugu yake anayekaa ndani ya ng'ombe. Ng'ombe mgonjwa anaweza kunona na kutoa maziwa, mwenyewe asijue kitu. Ugonjwa ukifika kwenye kiwele, vijidudu vinashuka pamoja na maziwa. Rangi haibadiliki, utamu haubadiliki. Na maziwa ya ng'ombe mmoja mgonjwa yakimwagwa ndani ya bidoni ya wote, bidoni nzima imeharibika.

Hata wenye elimu kubwa walikosea hapa. Robert Koch, dokteri wa Ujerumani aliyetangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alisema huko London mwaka 1901 kwamba ugonjwa wa ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Serikali ya Uingereza ikaweka tume ya kuchunguza, ikafanya kazi mpaka 1911. Tume ikaona kwamba watu wanaambukizwa, na zaidi watoto, kwa njia ya maziwa.

Utasema, "Siye tuko batu ya samaki, ng'ombe iko wapi?" Ni kweli, Zongwe si Marungu. Lakini maziwa yanatembea, na watu wanatembea. Kwa jirani zetu, Arusha kule Tanzania na Karamoja kule Uganda, wachunguzi walikuta kijidudu cha ng'ombe ndani ya uvimbe wa shingo za watu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu 147,000 duniani waliugua kwa kijidudu hicho, na 12,500 walikufa. Afrika ndiyo yenye mzigo mkubwa.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Kijidudu kilichomezwa mara nyingi hakianzi kwenye kifua. Kinaanza kooni au tumboni. Shingo ya mtoto inatoa uvimbe, hauumi sana, hauna moto, unakua polepole. Siku moja unapasuka na kutoa usaha, na kidonda hakifungi. Au tumbo linavimba, homa inakuja jioni, kilo zinashuka. Jirani atasema, "Bamemuloga." Wengine watakata uvimbe kwa wembe na kutia majani. Usikubali kukata! Hapo miezi inapotea, na mtoto anaisha.

Mlete mapema. Kama hakohoi, usikae nyumbani. Na kama makohozi yamepimwa na hayakuonyesha kitu, rudi na uonyeshe uvimbe. Mwambie muuguzi wazi: "Tunakunywaka maziwa mabichi," au, "Baba yake anachunga ng'ombe." Usione haya. Kati ya dawa nne za kuanzia kutibu kifua kikuu, iko moja ambayo kijidudu cha ng'ombe hakiisikii. Kwa hiyo dokteri anaweza kuongeza miezi ya matibabu. Darubini peke yake haitamwambia ni kijidudu kipi. Maneno yako yanaweza kumsaidia.

Maziwa weka motoni, koroga, ngoja yapande na kutokota kabisa. Kupasha tu hakutoshi. Kama mnapenda maziwa ya mgando, chemsheni kwanza, yapoe, ndipo yagande. Ukali wa mgando hauui kijidudu hiki. Wazee wengine wanasema ukichemsha maziwa, ng'ombe atakauka. Tunawaheshimu wazee, lakini ng'ombe hajui kinachofanyika jikoni. Mtoto asiyefika miezi sita, mpe ziwa lako tu.

Mama mmoja anaweza kuuliza: "Mutoto alipata BCG, si imetosha?" Chanjo hiyo ilitoka kwa kijidudu cha ng'ombe chenyewe. Calmette na Guérin, huko Lille nchini Ufaransa, walikikuza tangu 1908, miaka 13, mpaka kikapoteza nguvu ya kuugua mtu. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921. Inakinga sana watoto wadogo na kifua kikuu cha ubongo, lakini haifungi njia zote. Aliyechanjwa naye anywe yaliyotokota.