Simu, Mshenga na Mashahidi: Darasa juu ya Posa ya Msafiri

Amma baad. Katika darasa zetu tumeletewa suala ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa wote, maana lililomfika mmoja leo kesho litabisha hodi katika nyumba nyingi za pwani.

SUALA: Kijana wa kwetu amekwenda Nairobi kutafuta riziki, amepanga chumba Huruma, wala hana mama wala shangazi huko wa kumtafutia mke. Ameingia katika programu ya simu ya mkononi inayowakutanisha watu wasio na wenza, nayo ikamwonyesha binti wa Kiislamu, asili yake Lamu, ambaye pia yuko Huruma kwa kazi. Wamezungumza miezi kadhaa na wameridhiana. Walii wa binti yuko Lamu. Je, njia hii yafaa? Na je, nikaha yaweza kufungwa kwa simu?

JAWABU: Wako watakaosema mara moja, "Haramu!" kwa kuwa jambo ni geni. Na wako watakaosema, "Hapana neno," kwa kuwa kila mtu afanya. Yote mawili si elimu. Yatupasa kwanza kulijua jambo lenyewe, kisha tulipime.

1. Hali ya msafiri

Huruma ni katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, baina ya barabara ya Juja na ile ya Outer Ring, kando ya mto Mathare. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, wilaya ndogo ya Mathare, ambayo Huruma imo ndani yake, ilikutwa ina watu 206,564 katika eneo la kilomita mraba kama 3 tu. Majumba ya ghorofa yamesongamana. Chumba kwa chumba, mlango kwa mlango. Lakini ukaribu wa kuta si ujirani. Mtu hukaa mwaka mzima asijue jina la anayekohoa upande wa pili wa ukuta.

Sasa angalia mitaa yetu. Mtu akija Kibokoni au Mkomani kuposa, hata magharibi haijaadhiniwa wazee wamekwisha kujua babu yake ni nani, alisoma chuo gani, na kwa nini alimwacha mke wa kwanza. Elimu hii haikuandikwa popote. Imo vifuani mwa watu. Msafiri aendaye Huruma huiacha nyuma yake, na huo ndio upungufu wake mkubwa. Wanawake na wanaume wa kuoana wapo tele; asilokuwa nalo ni watu wa kumweleza mmoja habari za mwenzake.

Wala mas-ala haya si mapya kwetu. Miaka mingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, na mabaharia wakaoa katika bandari zetu, kisha kusi ikavuma wakarejea kwao. Wako waliorudi na wako wasiorudi, na mke akabaki si mke wala si mtalaka. Bandari zetu zilijifunza kwa machungu kumwuliza mgeni, "Nani akujuaye hapa?" Suala hilo ndilo tutakalolirudia katika darasa hii.

2. Chombo chafanya nini

Mwaka 1998 huko Japani kiliuzwa kijombo kidogo kiitwacho Lovegety. Kimoja kilikuwa cha mwanamume na kimoja cha mwanamke. Mwenye nacho alichagua kwa kifungo analotaka, kama ni mazungumzo au ni kwenda kuimba, na akipita karibu na mwenye kijombo cha jinsi ya pili, hatua chache tu, vyote viwili vililia. Hapakuwa na waya baina yao, ila mawimbi ya hewani. Chombo hicho kilijua mambo mawili: kwamba mtu yu karibu, na kwamba amebonyeza kifungo.

Simu za leo ni kijombo kile kile kilichokua. Simu hupokea ishara za setilaiti ikajua iko wapi juu ya ardhi. Programu yake huuliza umri wako, dini yako, kazi yako na umtakaye. Kisha huwapanga watu kwa masafa na kwa waliyoyaandika wenyewe. Tinder, iliyotoka mwaka 2012, ilizidisha sharti kwamba wawili hawazungumzi mpaka kila mmoja awe amemkubali mwenzake. Waislamu nao walitengeneza zao; mashuhuri ni Muzmatch, iliyoanzishwa Uingereza, na mwaka 2022 ikageuzwa jina kuwa Muzz. Humo iliwekwa njia ya binti kumwingiza walii wake ili apelekewe nakala ya mazungumzo. Wazo hilo ni jema, na laonyesha kwamba chombo hufuata nia ya waliokiunda.

Sasa zingatia. Simu ikimwambia kijana wa Huruma kwamba binti yuko mwendo wa kilomita moja, imesema kweli, lakini ndani ya kilomita hiyo mna makumi ya maelfu ya watu. Simu ikimwambia kwamba binti ni mtu wa dini, haikusema kitu ila imerejeza alivyoandika mwenyewe. Na picha? Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Mughira bin Shuuba amtazame yule aliyetaka kumposa, na mtazamo huo ni halali kwa mwenye nia ya ndoa. Lakini picha iliyopakwa rangi na kunyooshwa kwa ufundi wa simu haitimizi lengo la mtazamo huo. Aliyeiangalia ameangalia kazi ya fundi.

3. Tusiifanye simu kuwa ramli

Hapa pana hatari tunayotaka kuieleza kwa urefu. Wengi wetu twawajua wale waliokuwa wakitazamia nyota kabla ya posa. Hulichukua jina la mtu na jina la mama yake, wakazihesabu herufi kwa abjadi, wakagawanya kwa 12, kisha wakasema: huyu nyota yake moto, yule nyota yake maji, hawapatani. Ndoa ngapi njema zilizuiliwa, na ngapi mbaya zilizopitishwa, kwa hesabu isiyojua lolote juu ya tabia ya mtu!

Leo kijana anayecheka ramli ya babu yake huletewa na simu tarakimu isemayo kwamba yeye na fulani wamewafikiana kwa mia tisini, naye husadiki. Hesabu ya simu si uchawi, na hatusemi mwenye kuitumia ameingia katika shirki. Ni hesabu ya majibu: yeye apenda safari na huyu apenda safari, yeye ataka watoto na huyu ataka watoto. Yana faida yake kama mlango wa kuanzia. Lakini simu haijui kama mtu huyo hutimiza ahadi, kama mkono wake hushuka anapokasirika, kama yuna mke mwingine kijijini. Ghaibu haijui mpiga ramli wala haijui simu. Tofauti ni kwamba mambo haya si ghaibu kwa jirani zake. Basi kwa nini tuiulize mashine jambo ambalo jirani alijua?

4. Kufu na kuuliza

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuchunguza khabari tuliyoletewa ili tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Ikiwa hilo ni katika khabari ya siku moja, vipi khabari ya mume wa maisha?

Na tuna kisa cha Fatima binti Qays, kilichopokewa katika Sahihi Muslim. Baada ya kwisha eda yake aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri. Akaambiwa wazi kwamba mmoja ni fukara na mwengine ni mkali kwa wanawake, akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd. Kisa hiki kina mafunzo matatu. La kwanza, kuuliza khabari za mposaji si fitina. La pili, mwenye kuulizwa ana wajibu wa kusema kweli, wala kutaja aibu inayohusu ndoa si kusengenya. La tatu, Fatima alikuwa Mkureshi na Usama alikuwa mwana wa aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru. Basi wale wanaofanya kufu kuwa ni kabila na mtaa, wakamkataa mtu mwema kwa sababu ya ukoo, na walitazame hili vizuri.

5. Je, nikaha kwa simu?

Ummu Habiba, binti wa Abu Sufyan, alihajiri Habasha pamoja na mumewe, na mume akafia huko. Akabaki ugenini, mjane, na baba yake yuko Makka, hajasilimu. Mtume (s.a.w.) alimposa akiwa ng'ambo ya bahari. Wapokezi wasimulia kwamba mjumbe alipelekwa kwa Najashi, na jamaa yake Ummu Habiba, Khalid bin Said, akawa wakili wake; Waislamu waliokuwa huko wakakusanywa, mahari yakatolewa mbele yao, na nikaha ikafungwa. Angalia vyema: masafa yalikuwa makubwa, lakini hakuna nguzo iliyoachwa. Ujumbe ulisafiri, wakili, mahari na mashahidi walikuwako mahali pamoja.

Mwaka 1990, Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, iliyokutana Jeddah mwezi wa Machi, ilitoa azimio lake la 52 juu ya mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano. Ikajuzisha mikataba ya biashara kwa masharti yake, ikaitoa nikaha kwa kuwa yashurutiza mashahidi. Wako wanavyuoni walioruhusu mashahidi waone na wasikie kwa picha ya moja kwa moja, na Imarati ilifungua njia ya namna hiyo mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona. Khitilafu ipo. Lakini sisi tuliokulia katika madhehebi ya Shafii tuna njia isiyo na khitilafu, nayo ni nyepesi: walii wa Lamu na amwakilishe mtu mwaminifu aliyeko Nairobi. Uwakilishi huo waweza kupelekwa kwa simu na ukathibitishwa; kisha nikaha ifungwe kikao kimoja, mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Hivyo simu itakuwa mjumbe, wala haitakuwa shahidi.

6. Mambo ya kufuata

Kwa kijana na binti waliouliza, na wote walio mfano wao, twasema:

(a) Mazungumzo ya miezi bila ya kuwajulisha wazee ni kuzurura mlangoni. Nia ya ndoa ikipatikana, walii na ajulishwe mapema, si siku ya kuandika.

(b) Binti asionyeshe mahali alalapo, wala asipeleke picha asiyopenda baba yake aione. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta imeharimisha kueneza picha za faragha za mtu, lakini sheria huja baada ya aibu kwisha kutembea.

(c) Fedha zisitangulie. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kupeleka fedha ni jambo la dakika. Nairobi wana msemo wa "kula fare": kijana hutuma nauli, na simu ya upande wa pili ikazimwa. Na wanawake nao huombwa mikopo na wachumba wasiopata kuwaona. Mahari hutolewa mbele ya watu, na ni haki ya mke mwenyewe.

(d) Wakionana wasiwe faragha. Huruma si jangwa. Jirani yake ni Kiamaiko, penye soko la mbuzi na Waislamu wengi, na si mbali ni Eastleigh na Pumwani. Imamu wa msikiti, au nyumba ya mtu mwenye ahali zake, hapakosekani.

(e) Kila upande uulize watu wanne: jirani wa ghorofa moja, mwenye kumwajiri, imamu wa msikiti anaosali, na mtu wa kwao alikozaliwa. Akisema mtu, "Hapana anijuaye," basi jawabu ni: "Tutangoja mpaka apatikane."

(f) Aliyepata kuoa au kuolewa na alete hati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka kila ndoa iandikishwe, na yetu pia imo. Ndoa isiyoandikwa humdhuru mke kwanza, siku ya talaka na siku ya mirathi, atakaposimama mbele ya Kadhi hana kitu mkononi.

Na kwa wazee tuna neno. Aya ya 32 ya Suratun Nur imewaelekea jamaa kwamba wawaoze wasio na wenza; haikuwaachia wasio na wenza peke yao kazi hiyo. Twawapeleka vijana Nairobi, twapokea fedha zao kila mwezi, kisha hatuwaulizi wanaishije. Tukiongeza juu ya hayo arusi za siku saba na gharama zisizo na mwisho, tusistaajabu wakiitafuta simu. Mzee apigiwaye simu na mwanawe kwamba amempata mtu, akajibu kwa matusi, amelifunga lango la mbele. Na vijana watatoka kwa dirishani, wakaoane kwa siri, pasina walii wala hati. Na apokee kwa upole, kisha aulize lile suala la bandarini: "Nani amjuaye?"

Muhtasari wa jawabu letu: kujuana kwa simu kwa nia ya ndoa, pamoja na adabu tulizozitaja, hatuoni ubaya wake. Kuitegemea simu badala ya watu ndiko kubaya. Na binti wa Lamu na mposaji wake njia yao i wazi: walii apelekewe khabari wiki hii, watu waulizwe, wakili awekwe, na nikaha isomwe Nairobi mbele ya mashahidi.

Masuala ya kujipima kwa wanafunzi wa darasa: (1) Ni mambo gani simu huyajua juu ya mtu, na yepi haiyajui? (2) Katika nikaha ya Ummu Habiba, nani alikuwa mjumbe na nani wakili? (3) Ukiulizwa khabari za mposaji nawe wajua aibu yake, utasema nini, na utaacha nini?

Wallahu aalam.