Maji Mapya na Mashimo ya Zamani

Mwezi wa Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uletao maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Twaufurahia, lakini yatupasa kukumbuka kuwa maji yaingiayo nyumbani hayana budi kutoka. Shimo lililowatosha watu wachotao kwa ndoo huenda lisitoshe penye bomba. Na huku milimani maji machafu yakifurika huteremkia chemchemi na mifereji ya jirani aliye chini, yakaleta kuhara na homa ya matumbo.

Basi na tujifunze kazi ya shimo la saruji la shule au zahanati. Maji yakiingia hutulia: uchafu mzito huzama ukawa tope, mafuta huelea, na maji ya katikati hupita kwenda shimo la pili, ambako hunywewa na ardhi. Tope likizidi, maji hayapati nafasi ya kutulia. Hulichukua mpaka shimo la pili na kuziba vitundu vya udongo. Ndipo watu husema shimo limezeeka, wakachimba jingine, nalo likaziba vile vile.

Twashauri utaratibu huu. Kwanza, kila mwaka pimeni tope kwa ufito mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe. Likifika theluthi ya kina, litolewe kwa gari la majitaka, wala lisimwagwe korongoni. Mtu asiingie shimoni kamwe, maana hewa yake huua. Pili, tengenezeni bomba la kutokea lililovunjika. Tatu, yageuzeni maji ya mvua yasiingie. Baada ya hayo, kama shimo la pili limekwisha kuziba, chimbeni jingine, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, tena upande wa chini yake.

Vijiji vya juu visivyofikiwa na gari vyafaa kuwa na choo cha mashimo mawili: moja likijaa hufungwa miaka miwili, uchafu ukageuka udongo, na huku la pili likitumika.

Wazee wa Upare walijua kuwa ndiva isiyozolewa tope haihifadhi maji, wakatoka kwa msaragambo kuizoa. Tope la choo si la kuzolewa kwa mikono. Lakini wanakijiji waweza kuchanga fedha kila mwaka, ili siku ya kulitoa gari lisikose malipo.