Steve Biko na Neno "Weusi": Tatizo la Tafsiri

1.0 Utangulizi

Stephen Bantu Biko alifariki mjini Pretoria tarehe 12 Septemba 1977, akiwa mikononi mwa polisi, na umri wake miaka 30. Mengi yaliyoandikwa juu yake huanzia kwenye kifo hicho, na si ajabu. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka huohuo haukumwona wa kulaumiwa. Mwaka 1999 maafisa waliohusika walinyimwa msamaha na Tume ya Ukweli na Maridhiano. Na mwaka 2025 uchunguzi ulifunguliwa upya. Makala haya yanawaachia wanasheria suala hilo. Yanajadili neno ambalo Biko na wenzake walilichagua, na namna maana yake inavyopotea tunapolifasiri kwa Kiswahili bila uangalifu.

2.0 Neno katika Mapambano

Sheria ya Kuandikisha Watu ya mwaka 1950 iliwagawa wakazi wa Afrika Kusini kwa makundi ya rangi. Wote ambao hawakuwa Wazungu waliitwa kwa Kiingereza "non-white", yaani walitajwa kwa kile wasichokuwa. Umoja wa wanafunzi wa SASO, ambao Biko alikuwa rais wake wa kwanza mwaka 1969, ulilikataa jina hilo na kushika "black". Kwa tafsiri yao, mtu ni "black" kwa masharti mawili: kwanza, awe anabaguliwa kwa sheria au kwa mila katika siasa, uchumi na maisha ya jamii, pili, awe amejihesabu kuwa mmoja na wenzake katika kuupinga ubaguzi huo. Sharti la pili ndilo zito. Mwenye ngozi nyeusi tititi aliyewatumikia wakandamizaji hakulitimiza. Kwa Biko, huyo alibaki kuwa "non-white". Saths Cooper na Strini Moodley, wenye asili ya India, walilitimiza, na wakafungwa katika kisiwa cha Robben kufuatia kesi iliyotokana na mikutano ya mwaka 1974 ya kuishangilia FRELIMO.

Biko alitoa ushahidi katika kesi hiyo mwezi Mei 1976. Jaji Boshoff alimwuliza kwa nini wajiite "black" ilhali rangi yao inakaribia zaidi hudhurungi. Biko alimjibu kuwa ni vilevile anavyowaona Wazungu kuwa wa waridi zaidi kuliko weupe.

3.0 Kivumishi -eusi

Swali la jaji lingeulizwa kwa Kiswahili kwa wepesi usiotarajiwa: wewe si mweusi, u maji ya kunde. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, -eusi, -eupe na maji ya kunde ni maneno ya sura, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuyagawana. Dada wa Kiafrika mwenye ngozi angavu huitwa "mweupe" bila ya yeyote kumdhania Mzungu. Mzungu mwenyewe hana jina la rangi. Ukinzani wa msingi katika lugha yetu ni wa Mzungu na Mwafrika. Kwa hiyo "wasio weupe" si tafsiri ya "non-white", na "wasio Wazungu" inahifadhi tusi la kukanusha lakini inaipoteza rangi.

Matokeo yake si madogo. Anayeandika kuwa SASO ulikuwa "umoja wa wanafunzi wenye ngozi nyeusi", au hata "wa watu weusi", amewafuta akina Cooper na Moodley, kwani msomaji wetu ataelewa Waafrika peke yao. Utawala wa makaburu ulifanya vivyo hivyo kwa makusudi. Mwaka 1978 uliliondoa neno "Bantu" katika sheria zake na kuweka "black" mahali pake, kwa maana ya Waafrika tu. Neno la kuunganisha likageuzwa kuwa la kutenga, mwaka mmoja tu baada ya aliyelitetea kuzikwa. (Sisi tunaosema "lugha za Kibantu" kila siku, kwa istilahi tuliyorithi kutoka kwa Bleek, tukumbuke kuwa huko jina hilo, ambalo maana yake ni "watu" tu, lilibandikwa kwenye elimu duni na ofisi za pasi. Biko alizaliwa nalo.)

Sheria ya Usawa katika Ajira ya mwaka 1998 iliurudisha upana: "black" ni Waafrika, Wahindi na wale walioitwa Coloured, ambao magazeti yetu yamezoea kuwaita machotara, neno lenye kebehi. Hata hivyo, iliyorudi ni nusu. Mtu huhesabiwa, si lazima ajihesabu.

4.0 Pendekezo

Naona tufuate njia ambayo Kiswahili kimekwisha kuipita. "Mkubwa" wa ofisi si lazima awe na mwili mkubwa. Kivumishi kimekuwa nomino na kutaja hadhi. Vivyo hivyo tuandike Mweusi/Weusi kama nomino, kwa herufi kubwa, sawa na Mzungu/Wazungu, na "watu weusi" libaki la sura. Kuhusu falsafa yenyewe, "mwamko" unaelekea kumaanisha kuwa yupo aliyewaamsha waliolala, jambo ambalo Biko alilikwepa, hasa alipowakosoa Wazungu wapenda haki waliotaka kuwasemea wengine. "Kujitambua" kunafaa zaidi, kwa kuwa kiambishi -ji- kinamfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja.

Umebaki utata ambao sijaumaliza. Weusi (wingi wa Mweusi) na weusi (nomino dhahania, u- + -eusi) ni umbo moja. Upatanisho huzitenganisha: "Weusi hawa", "weusi huu". Lakini katika "kujitambua kwa Weusi" upatanisho hausaidii. Ni herufi kubwa peke yake inayobeba tofauti, na msikilizaji wa redio haioni.